Tende ya Kwanza ya Futari

Alhamisi, 6 Machi

Amezaliwa saa nane na dakika ishirini mchana, wiki ya ishirini na tisa. Gramu 1,180. Msichana. Raihana amepasuliwa, kwa sababu presha ilikuwa imepanda mpaka macho yakaanza kuona giza. Yuko hai. Wote wawili wako hai. Naandika haya nikiwa kwenye benchi la korido, katika daftari nililokuwa nimelinunua kwa ajili ya ofisi. Nisipoandika nasimama na kukaa, na watu wananitazama.

Mtoto nimemwona kwa muda wa kuhesabu mpaka ishirini. Yumo ndani ya sanduku la kioo lenye joto, ambalo hapa kila mtu analiita kuvezi. Ngozi yake ni nyekundu na nyembamba, mishipa inaonekana. Ana mrija wa hewa puani na mwingine mwembamba zaidi unaopita mdomoni mpaka tumboni. Unyayo wake haufikii urefu wa kidole gumba changu.

Muuguzi mkuu wa zamu anaitwa Caritas. "Papa, umenawa?" ameniuliza, maana hapa kila baba wa mtoto ni papa. Nikasema nimenawa. "Nawa tena."

Ijumaa, 7 Machi

Mvua tangu alfajiri. Gramu 1,130. Caritas anasema wote hupungua siku za kwanza. Nimemuuliza mara tatu kama ana hakika. Mara ya tatu amenituma nikanawe.

Jumamosi, 8 Machi

Humu ndani watu hatuna majina. Kwenye kuvezi yetu wamebandika plasta iliyoandikwa BB Raihana, namba 3, kwa hiyo mimi ni Papa Tatu. Jirani yetu ni Papa Nne. Jina lake hasa ni Armel, dereva wa taksi, anakaa mtaa wa Kinanira na mkewe Ingrid. Mtoto wao alizaliwa na gramu 950 na tayari wamemwita Vainqueur, yaani mshindi.

"We karani," Armel, aliyekwisha kuniuliza kazi yangu, ameniambia tukiwa korido, "mutoto unamupa jina mbele, ndiyo anajua amekuja kufanya nini. Wa kwako unamungojesha nini?"

Nikamweleza kwamba sisi Waislamu jina hutolewa siku ya saba.

"Siku ya saba! Mu kuvezi siku moja ni mwaka muzima, bwana. Huyu wangu ameshafika miaka ine. Kesho ataniomba pikipiki."

"Na wewe utampa?"

"Pikipiki nitampa. Esansi atafute yeye."

Taksi yake iko kwenye mstari wa hiyo esansi, yaani petroli, tangu Jumatano, peke yake, na watu wa nyuma wanaisukuma mbele kila mstari unaposogea. Nimecheka. Baadaye nikaona haya kwamba nilicheka mahali pale.

Jumapili, 9 Machi

Gramu 1,090. Raihana amesimama kwa mara ya kwanza, akishika ukuta. Kila saa tatu anakamua maziwa kwa mkono, na Caritas anamwingizia mtoto mililita mbili kwa mrija. Mililita mbili hazijazi hata kifuniko cha kalamu yangu.

Wanaoingia ni mama na baba tu. Mimi nusu saa asubuhi na nusu saa jioni. Baba yangu, Mzee Atumani, hakuwa anajua sheria hiyo. Amekuja kwa miguu kutoka mtaa wetu wa Bwiza kwenye mvua, amefunga saumu, kofia imelowa. Caritas alimsimamisha mlangoni.

"Mi nimekuja kuona damu yangu," baba akasema.

"Damu yako iko salama, mzee. Lakini mulango huu ni wa mama na baba. Hata waziri haingii."

"Mi si waziri. Mi ni babu."

"Ndiyo nasema, mzee. Hata babu."

Baba ametengeneza magari ya watu wakubwa wa mji huu kwa miaka arobaini. Sijawahi kuona mtu akimrudisha mlangoni. Aligeuka akaondoka, na mimi nilimchukia yule mwanamke kwa moyo wote.

Jumatatu, 10 Machi

Nimerudi ofisini nusu siku. Kazi yangu ni kuandika vizazi na vifo katika vitabu vya serikali. Leo vizazi tisa. Mmoja aliletwa mgongoni, akilia kwa nguvu mpaka watu kwenye foleni wakacheka. Nikakosea tarehe yake. Miaka miwili katika dirisha lile, sijawahi kukosea tarehe.

Jumanne, 11 Machi

Kwetu mtoto akizaliwa, mzee wa familia hutafuna tende mpaka ilainike, kisha humpaka kidogo kwenye kaakaa, ili ladha yake ya kwanza ya dunia iwe tamu na itoke kwa mtu wa dua. Tahniki. Baba amewafanyia wajukuu kumi na mmoja. Mimi mwenyewe nilifanyiwa na babu yake Raihana, maana familia zetu zimejuana Bwiza tangu zamani.

Leo baba aliniita nifuturu nyumbani kabla ya kwenda hospitali. Adhana ya magharibi ilipolia kila mtu alinyoosha mkono kwenye maji. Baba alichukua tende ya kwanza, akatoa kokwa, akatafuna polepole, macho yamefumba. Hakumeza. Mtu wa miaka sabini na mbili, hajala wala kunywa tangu alfajiri. Aliitema ndani ya kichupa ambacho mama alikuwa amekichemsha, akakifunga kifuniko na kukiweka mbele yangu.

"Mimi wamenikataza mulango," akasema. "Mukono wako utakuwa mukono wangu. Kidogo tu, sawa na chembe ya muchele."

"Baba, wauguzi wamesema asipewe kitu ila maziwa ya mama."

"Nani amesema? Yule mwanamuke wa mulangoni? Yeye ndiye alikulea?"

Sauti yake haikupanda. Haijawahi kuhitaji kupanda. Kisha akasema, "Mutoto wa ndugu yako Shakuru alikufa bila kuonja kitu. Huyu asiende hivyo."

Nilikichukua kichupa.

Saa moja jioni niliingia. Nilinawa mara tatu, mpaka viwiko. Caritas alikuwa kuvezi namba moja, amenipa mgongo. Nilifungua kidirisha cha pembeni, nikachovya ncha ya kidole kidogo kwenye kichupa, nikampaka juu kwenye kaakaa, kando ya mrija, huku nikisoma Bismillahi.

Akanyonya. Alikishika kidole changu kwa midomo yake na kukinyonya mara mbili, labda tatu. Tangu azaliwe hakuwa ameonyesha kwamba anajua kuna mtu nje ya kile kioo. Machozi yalinitoka. Naandika ukweli: nilifurahi kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Jumatano, 12 Machi

Gramu 1,105. Ameongezeka. Nilipomwambia baba kwa simu alisema, "Umeona?"

Jina tumeliahirisha mpaka Raihana apate nguvu ya kuchagua.

Alhamisi, 13 Machi

Nilipoingia asubuhi kulikuwa na watu watatu kwenye kuvezi yetu. Tumbo la mtoto limevimba na ngozi yake inang'aa. Kwenye mrija wa tumboni maziwa yamerudi, rangi ya kijani. Kwenye kitambaa chake kulikuwa na damu, kidogo, lakini damu.

Dokta Sylvère ni mtu mpole, anaongea akitazama chini. Alisema utumbo umeshambuliwa na vijidudu. Maziwa yasimame, dawa zianze kwa mshipa. Kisha akatuuliza mimi na Raihana, "Kuna kitu kimeingia kinywani mwake, zaidi ya maziwa ya mama? Maji, dawa ya kienyeji, chochote?"

"Apana," nilisema.

Nilisema haraka, kabla hajamaliza. Raihana alitikisa kichwa naye. Hapo Dokta akamgeukia yeye. Anakamulia katika kikombe gani? Nani anakiosha? Kinachemshwa kila mara? Raihana alijibu moja baada ya moja, mkono mmoja kwenye kidonda chake. Mimi nilisimama pembeni yake.

Maziwa yake ya asubuhi yakamwagwa kwenye sinki.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua, na umeme umekatika mara mbili. Jenereta inachukua dakika kadhaa kuwaka, na katika dakika hizo wauguzi wanawafunika watoto kwa vitenge na kuwasimamia. Mtoto wetu aliacha kupumua mara mbili mbele yangu. Caritas alimgonga unyayo kwa ncha ya kidole, akimwita, "We mama, rudi hapa. Bado hatujamalizana." Akarudi. Mara ya pili alichelewa.

Wamempiga picha ya tumbo. Dokta anasema utumbo ukitoboka itabidi apasuliwe, na mtoto wa gramu elfu moja na mia moja... Sentensi hiyo hakuimaliza.

Jioni Raihana alinivuta mkono. "Ni mimi," akasema. "Jumanne nilikamulia kikombe kimoja bila kukichemsha. Nilikuwa nimechoka, nikakisuuza tu. Ni mimi, Faridi."

"Si wewe."

"Unajuaje?"

Nikamwambia ale kidogo.

Nyumbani nilifuturu kwa maji. Tende zilikuwa mezani.

Jumamosi, 15 Machi

Nitaandika yote, kwa mpangilio.

Saa nne asubuhi nilimkuta Raihana kwenye sinki la chumba cha akina mama. Alikuwa anakamua maziwa na kuyaacha yaende na maji, ili yasimkauke kifuani. Vidole vyake vimechubuka kwa sabuni. Caritas alikuwa naye. Raihana alikuwa anamwambia, "Akipona, mumupe maziwa ya Ingrid. Nimeshamuomba, amekubali. Yangu ni sumu."

Kwa dini yetu mtoto akinyonyeshwa maziwa ya mwanamke mwingine, wanawe wanakuwa ndugu zake wa kweli, na mwanamke yule anakuwa mama yake. Raihana anajua hilo kuliko mimi. Alikuwa amekubali kugawana hata jina la mama.

Nikasema, "Ni mimi. Jumanne jioni nilimpaka tende. Baba aliitafuna, mimi nikaileta."

Nilidhani Caritas atapiga kelele. Alifuta mikono, akavuta faili. "Saa ngapi? Kiasi gani? Ilikaa muda gani kwenye chupa? Mzee ana meno mabovu?" Nilijibu jinsi watu wanavyonijibu mimi dirishani, kwa sauti ndogo, wakitazama kalamu. Aliandika kila kitu. Kisha akakimbia. Sijawahi kumwona akikimbia.

Dokta Sylvère aliongeza dawa ya tatu. "Inaweza kuwa tende," akaniambia. "Inaweza isiwe. Watoto wa umri huu utumbo wao unashambuliwa hata pale ambapo hakuna mtu aliyekosea. Sikwambii hivyo ili nikufariji. Lakini nilikuuliza Alhamisi, Papa. Leo ni Jumamosi."

Raihana alikuwa amekaa kitandani nilipotoka. Hakulia.

"Uliniacha siku mbili," alisema. "Ulinisikia nasema ni mimi, ukaniambia nile."

Kisha akageukia ukuta.

Jumatatu, 17 Machi

Hajafa. Raihana hasemi nami.

Jumanne, 18 Machi

Vilevile.

Jumatano, 19 Machi

Kuvezi namba nne iko tupu. Ingrid amechukuliwa na mama yake. Armel alikuwa korido anakunja kijiblanketi cha manjano, mara nne, mara nane, mpaka kikatosha kiganjani.

"Karani," akasema. "Nasikia hata hii unaandika wewe."

"Ndiyo."

"Basi nitakuja kwako. Uniandikie jina lote. Usikate."

Alhamisi, 20 Machi

Armel alikuja saa tatu. Niliandika, herufi moja moja, nikamsomea. Alitia saini, akasema kwamba taksi imefika kwenye pampu jana mchana na mafuta yakaishia kwa gari la mbele yake. Tulitazamana. Hakuna aliyecheka.

Sheria inatoa siku kumi na tano kuandikisha mtoto, na mimi ndiye ninayewakumbusha watu kila siku. Kesho ndiyo mwisho wetu. Mchana Caritas alinikabidhi kipande cha karatasi kutoka kwa Raihana. Neno moja: Sakina. Nikarudi ofisini kwa miguu. Pierre, mwenzangu wa dirisha la pili, aliandika, kwa sababu mimi sikuweza kumwandika wangu siku ileile niliyomwandika Vainqueur.

Jumamosi, 22 Machi

Tumbo limepungua. Sitaki kuandika zaidi ya hapo.

Jumanne, 25 Machi

Wamejaribu mililita moja. Maziwa ya Raihana. Alikataa kwanza, akasema wachukue ya mtu mwingine. Caritas akamshika mabega. "Mama Tatu, hii ndiyo dawa yake. Hujawahi kuwa na kosa. Leta." Raihana akakaa, akakamua. Tulisimama pande mbili za kuvezi tukitazama maziwa yakishuka kwenye mrija. Mtoto hakuyarudisha.

Ijumaa, 28 Machi

Mililita sita. Gramu 1,160.

Baba anamwambia kila mtu msikitini kwamba mjukuu wake aliponywa na tende ya kwanza ya futari, hata pale dawa za wazungu ziliposhindwa. Wazee wanampa mkono. Nimesimama nyuma yake nikisikia.

Jioni Caritas aliniuliza, "Mzee anajua?"

"Bado. Moyo wake utavunjika."

"Kwenu nani mwingine ana mimba?"

"Dada yangu Assia. Mimba ina miezi mitano."

"Na presha yake?"

"Inapanda."

"Basi. Huyo naye anaweza kuzaa mapema." Akaendelea kupima dawa.

Nilikosea kumchukia. Anasimama mlangoni pale kwa sababu anajua kila kinachoingia. Vainqueur alipokufa, Armel ananiambia, ni yeye aliyemwosha, akakataa mtu mwingine amguse.

Jumatatu, 31 Machi

Idd. Mvua imeharibu swala uwanjani. Baba alinikumbatia. Sikusema.

Jumatano, 2 Aprili

Nimesema.

Nilimkuta gerejini kwake Bwiza, anamwaga oili chafu ya kibasi. Nilingoja fundi mwenzake aende kunywa chai.

"Baba, ile tende inawezekana ndiyo ilimuumiza mtoto."

"Nani anasema hivyo?"

"Dokta. Hana hakika, lakini inawezekana. Siku mbili baadaye tumbo lilivimba, akatoa damu. Alikuwa anakufa, baba. Nilikwambia ni homa."

Alifuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja.

"Mi nimefanyia kumi na moja."

"Wale walitimiza miezi yao. Huyu utumbo wake ulikuwa haujakomaa. Kinywa cha mtu mzima kina vijidudu, hata akiwa mtu safi."

"We ulijua?"

"Nilijua wamekataza. Nilikwambia."

"Uliniambia mara moja."

"Ndiyo."

"Mutu anajua kitu kama hicho, anakisema mara moja, halafu ananyamaza?"

"Nilikuogopa."

Aliacha kufuta mikono. "Mi?"

"Ndiyo, baba."

"Mi sijawahi kukupiga, Faridi. Hata siku moja."

"Hujawahi."

Alikaa juu ya tairi. Kwa mara ya kwanza niliona kwamba hakuwa anajua. Miaka ishirini na sita tumekaa nyumba moja, nikidhani anaiona hofu yangu na kuitumia, kumbe yeye alikuwa anaiita adabu.

"Raihana anajua?" akauliza.

"Anajua tangu kabla ya Idd."

"Na siku ya Idd alinipigia simu. Akaniita baba, akaniombea." Alitazama oili ikidondoka kwenye beseni. "Assia nitamwambia mimi. We usimwambie. Nitamwambia mimi mwenyewe."

Jumamosi, 5 Aprili

Gramu 1,290. Hana mrija wa hewa tena. Armel alipita kutusalimia. Alifika mpaka mlangoni akarudi.

Jumanne, 8 Aprili

Tumehamishwa chumba cha kanguru. Huko mama anamfunga mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, kwa kitenge, mchana kutwa. Babu na bibi wanaruhusiwa, mmoja mmoja.

Baba alikuja saa tisa, amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Alifika kizingitini akasimama, mikono ameishika nyuma.

"Ingia, baba," Raihana akasema.

"Mi naona toka hapa."

"Huoni kitu. Ingia."

Aliingia hatua tatu. Raihana alifunua kitenge kidogo, na baba akainama bila kuachia mikono yake. Alitazama kwa muda mrefu sana. Mtoto huyu hajasomewa adhana sikioni na mtu yeyote. Siku aliyozaliwa niliisoma mimi kimoyomoyo nje ya mlango, na sidhani kama inahesabika.

Baba akamgeukia Caritas, aliyekuwa anaandika uzito ubaoni.

"Mwanangu," akamwambia, "sauti iko na mikrobi?"

Caritas hakutabasamu. Alilifikiria swali hilo la vijidudu kwa heshima. "Haina, mzee. Lakini iwe ndogo. Masikio yake bado machanga. Na usogeze uso pembeni."

Baba yangu ana sauti ya mtu aliyeishi miaka arobaini kati ya injini. Aligeuza uso pembeni, akasoma adhana kwa sauti ambayo mimi, niliyekuwa hatua mbili, niliisikia kwa shida. Sakina alikunja uso, akaukunjua. Baba alipomaliza alirudi nyuma mpaka mlangoni bila kumgusa, akatoka, na nikamsikia korido akikohoa.

Caritas naye alitoka. Tulibaki watatu. Nilivua shati la juu, nikakaa kwenye kiti cha pembeni ya kitanda, mahali wanapokaa akina baba wengine wanapopokezana. Nikamuuliza Raihana kama naweza kumbeba kidogo, ili yeye alale.

Alinitazama kifua, akanitazama usoni.

"Bado," akasema.

Nikaanza kuvaa shati.

"Bado, Faridi."

Ni mara ya kwanza kulitaja jina langu tangu Machi kumi na nne. Nimekaa hapo hapo kwenye kiti. Nje mvua imeanza tena, na naandika hili daftari likiwa gotini, kwa sababu hajaniambia niondoke.